Mguu wa Fundi

Katika wodi ya upasuaji ya wanawake, jina lake halisi lilishasahaulika zamani. Wagonjwa, madaktari, hata watu wa jikoni walimwita Sista Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Taratibu mama, tunageukia upande huu. Taratibu baba, mgonjwa wako yupo, hajakimbia. Mumewe, dereva wa lori ambaye leo yupo na kesho hayupo, aliwachekesha wageni kwa kusema kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama amekubali, bibi arusi alijibu, "Taratibu kwanza."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya joto na nyayo zisizotoa sauti. Hakuwa mtu wa ubishi. Daktari akiagiza jambo alilifanya, na akiona halijakaa sawa alimngoja pembeni amweleze bila watu kusikia. Kwa hiyo madaktari walimpenda, na walipompata mgonjwa mgumu walimtuma yeye. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ndiye angekuja kuigeuza wodi juu chini.

Mgonjwa aliyeleta yote hayo alikuwa mshona nguo, mjane aliyekwisha kuzeeka lakini bado yumo kazini. Watu walimwita Fundi, na hata mwanawe wa pekee, mwalimu wa sekondari, alisema "Fundi kasema" na "Fundi hataki" kama vile anamzungumzia bosi wake. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi na alikichukulia kama jirani msumbufu: anamsalimia, lakini hamkaribishi ndani. Kumbe jirani alishaingia. Siku moja sindano ya cherehani iliyovunjika ilimchoma unyayoni asisikie lolote, kwa kuwa unyayo wenyewe ulishakufa ganzi. Alipokuja kugundua, soksi ilikuwa imegandamana na usaha. Akajifunga kitambaa, akaendelea kushona. Alipofikishwa hospitali, vidole vilikuwa vyeusi na harufu ilimtangulia kuingia wodini.

Daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, hakuzungukazunguka. Alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe mapema, maana sumu ikishaenea kwenye damu itakuwa kazi nyingine. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema hapana. Kesho yake hapana. Akaletewa daktari bingwa, naye akaambulia hapana ile ile, kwa adabu ile ile. Sababu hakutoa. Alikubali sindano, alikubali dripu, alikubali kidonda kisafishwe hata mara ngapi. Kukatwa, hapana.

Na Sista Taratibu alipatana naye. Kila alipofungua bandeji, Fundi aliikodolea macho sare yake na kumwambia kwamba gauni lile lilikatwa na mtu aliyegombana na mkewe, bega moja liko kwao na lingine liko safarini. Akitoka hapo atalifumua lote alishone upya. Sista alicheka huku macho yake yakitafuta kitu kingine: wekundu uliokuwa ukitambaa kutoka kwenye kifundo kwenda juu. Jana ulikuwa chini ya kovu la zamani. Leo umelivuka. Homa nayo ilipanda, ikashuka kidogo kama inayopumua, ikapanda tena.

Asubuhi moja Mwalimu alimkuta daktari kwenye korido, karibu na sinki. Sista Taratibu alikuwa hapo hapo ananawa mikono, wala hawakumficha. Mwalimu alizungumza kwa sauti ya chini, akipanga maneno kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njia nzima. Alisema mama yake hakatai kusafishwa. Basi aambiwe anakwenda kusafishwa, apewe dawa ya usingizi, na akizinduka kazi iwe imekwisha. Lawama zote atazibeba yeye.

"Daktari, mimi sihitaji anipende," alisema. "Nahitaji awe hai."

Daktari alitazama ukuta. Hazikuwa zimepita siku nyingi tangu mama mwingine, mwenye mguu kama ule na msimamo kama ule, amfie mikononi, na wanawe walimwuliza usoni ilikuwaje akamsikiliza mtu mwenye homa. Swali hilo lilikuwa halijamtoka. Kisha akamgeukia Sista.

"Mwandae. Mwambie tunakwenda kusafisha. Wewe atakuamini."

Sista Taratibu akajibu sawa, kama alivyojibu siku zote.

Alipanga trei yake. Pamba, sindano, dawa ya kumtuliza kabla ya safari ya chumba cha upasuaji. Mikono ilifanya kazi yenyewe, na kichwa nacho kikaanza ya kwake. Alijiambia kwamba uongo hakuuanza leo. Mara ngapi amewaambia watu haitauma ikauma, tunamaliza sasa hivi na ndiyo kwanza wanaanza? Na huyu atakufa. Akiachwa hivi atakufa, hilo halina mjadala. Lakini aliwahi kumwona mtu anayezinduka baada ya kukatwa, mtu aliyejua kabisa kwamba atakatwa, jinsi mkono unavyoshuka wenyewe chini ya shuka kwenda kupapasa. Huyu asiyejua je? Mkono wake utakapofika mahali pasipo na kitu, atamtazama nani?

Machela ilikuwa tayari mlangoni. Fundi alikuwa amekaa kitandani, uso unang'aa kwa jasho la homa, kanga imefungwa vizuri kifuani. Alinyoosha mkono apigwe sindano. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, akasema:

"Sista, ni kusafisha tu?"

Sindano ilikuwa mkononi. Mlangoni msukuma machela alikuwa anatafuna kucha. Nyuma yake alisimama Mwalimu, na Sista aliyaona macho yake yakimwomba.

"Hapana, mama," alisema. "Wanataka kuukata."

Fundi hakupiga kelele. Aliurudisha mkono taratibu, akauficha ndani ya kanga. Akauliza kama mwanawe anajua. Ukweli mmoja ulikuwa unavuta mwingine, na huu wa pili ungeweza kuvunja nyumba ya watu.

"Mwanao anataka uishi," alijibu. "Mengine mwulize mwenyewe."

Fundi alimtazama mwanawe pale mlangoni muda mrefu, wala hakumwuliza kitu.

Machela ilirudi tupu. Kwenye korido Mwalimu alimfuata Sista mpaka mlango wa stoo ya shuka na kumwambia kwamba amemuua mama yake, amemuua kwa mdomo wake, na akitoka hapo aende akalale salama. Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yalichoma. Daktari alikuja nyuma yake. Alikuwa amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kama aibu, ambacho kilimfanya akasirike zaidi. Alimkumbusha kwamba kwenye cheti cha kifo atakayetia sahihi ni yeye daktari.  Sista Taratibu alijifungia stoo, akakaa juu ya furushi la mashuka.

Ndipo ilipomjia kwamba amesema nusu tu. Amemwambia Fundi kitakachofanyika akikubali. Kitakachofanyika akikataa, hakuna aliyemwambia wazi. Kila mmoja alisema "ni hatari," "hali itakuwa mbaya," akageuka. Akajifuta uso, akarudi wodini, akavuta kiti.

Alimweleza yote bila kupamba. Sumu itapanda. Homa itafika mahali ambapo hatamtambua mwanawe. Figo zitagoma. Atahema kama aliyekimbia hali amelala. Huenda ikachukua siku chache, na si siku nzuri. Dawa za maumivu zipo, na yeye Sista atazitoa, hatambania hata moja. Alipomaliza akasema kwamba uamuzi ni wake Fundi, na akikataa hata baada ya haya hakuna atakayemnunia, lakini angependa kujua kwa nini.

Fundi alikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi.

Alisema mume wake alikuwa na ugonjwa huu huu. Walianza na kidole kimoja, wakamwambia ndiyo mwisho. Wakarudi wakachukua mguu hadi kifundo, wakasema sasa basi. Wakachukua chini ya goti. Wakachukua juu ya goti. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha, na kila mara alimkuta amepungua. Mzee alikuwa mcheshi, mwanzo alitania kwamba wanampeleka kaburini kwa awamu. Mwishoni hakutania tena. Aliwaogopa madaktari mpaka akisikia viatu vyao anajifunika shuka usoni.

"Sikatai kukatwa, mwanangu," alisema. "Nakataa kupunguzwa kama gauni la mitumba, kila mtu anayepita anakata kidogo."

Sista Taratibu akaenda kumtafuta daktari. Alimkuta ofisini hajagusa chai yake, akamweleza. Daktari alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Hatimaye akainuka, akaja mwenyewe kukaa kwenye kile kiti. Fundi alimtaka amwonyeshe ni wapi hasa. Daktari akatoa kalamu, akachora mstari mweusi kuzunguka mguu, chini ya goti, na kumweleza ngozi ya nyuma itakavyoletwa mbele ifunike mfupa na mshono utakavyokaa. Fundi aliinama, akaufuata mstari kwa kidole. Akauliza wakikuta huko ndani pameoza kupita mstari watafanya nini. Daktari akakiri kwamba hilo linawezekana, na hawezi kumuahidi kitu asichokiona. Ila kuna njia: badala ya usingizi apigwe ganzi ya mgongo, awe macho, asikie sauti asisikie kisu. Wakikuta jambo, watamwuliza.

"Mtaniuliza mimi," alisema Fundi, "siyo yeye," na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamwelekezea mwanawe kidole. Mwalimu, aliyekuwa amerudi kusimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

Wakaenda mchana ule ule. Pazia la kijani lilifungwa kifuani kwa Fundi asione chini, na Sista Taratibu akakaa kichwani pake. Kwa muda kulisikika vyuma tu na mashine ikihesabu mapigo ya moyo. Fundi alikuwa anatazama dari. Alimwambia Sista kwamba rangi ile haikupakwa na fundi, imepakwa na shemeji wa mtu.

Kisha vyuma vikanyamaza. Daktari aliinua macho juu ya barakoa, akamtazama Sista, na Sista akajua. Nyama iliyokuwa kwenye mstari haikutoa damu ilivyopaswa. Nyama iliyo hai ilianza juu zaidi, juu ya goti, au pengine hii ya hapa ingefufuka ikiachwa. Hakuna aliyeweza kuapa. Daktari alilisema hilo kwa sauti, lote, bila kuficha wasiwasi wake. Akasema ushauri wake ni kupanda juu sasa, mara moja, ili wasirudi tena.

Fundi alifumba macho. Mashine iliharakisha.

"Sista. Wewe ungefanyaje?"

Swali hilo ameulizwa na wagonjwa wengi, na siku zote alilikwepa kwa neno lake lile lile. Safari hii aliona kulikwepa ni kumwacha peke yake nyuma ya pazia.

"Mimi ningekubali," alisema. "Lakini mguu si wangu."

Fundi akahema mara kadhaa. "Basi aishie kwenye mstari. Goti langu aniachie."

Daktari alisimama, kisu mkononi, na Sista aliona kifua chake kinavyopanda na kushuka. Ilikuwa rahisi mno. Pazia lilikuwepo, ganzi ilikuwepo. Angepanda juu na mgonjwa angejua kesho. Msaidizi wake alimtazama. Kila mtu mle chumbani alimtazama. Kisha akainama, akamalizia pale pale kwenye mstari, akakiacha kidonda wazi bila kukishona, akakijaza shashi, na kusema kwa sauti iliyokauka kwamba watangoja waone kama nyama itafufuka.

Kungoja kule ndiko kulikomzeesha Sista Taratibu. Mwalimu hakumsemesha tena; alileta chakula cha mama yake, akaketi upande wa pili, akaondoka. Kila asubuhi alipofungua bandeji Fundi alidai kioo. Walikitoa bafuni kioo cha kunyolea, Sista akakishika, na wote wawili wakaangalia. Mwanzo kulikuwa na ahueni: homa ilishuka, Fundi akala, akaanza kumwuliza muuguzi mmoja mjamzito ana mpango gani wa nguo. Sista alidiriki hata kulala usingizi. Halafu pembeni mwa kidonda pakatokea kijivu. Kesho yake kijivu kikawa kipana. Harufu ile ikarudi.

Sista alikisogeza kioo karibu zaidi.  Kama homa ingerudi na kumchanganya akili kabla hajaamua, wangemwuliza nani? Na kama akifa, Mwalimu alikuwa na haki ya neno lile la kwenye stoo.

Fundi alitazama kwa muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huku, vile alivyotazama bega la sare ya Sista. Kisha akakisukuma kioo.

"Niitie kijana wangu," alisema. "Na yule mwenye kalamu."

Walipofika aliwaambia kwamba ameona mwenyewe, sasa wakate juu, na safari hii wamlaze kabisa, hana haja ya kusikia. Daktari akataka kumchorea mstari. Akamwambia asijisumbue, anamwamini. Mwanawe alipoinama kumfunika shuka, alimshika sikio kama anavyoshikwa mtoto mdogo, akamwambia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Mwalimu alitoka nje amefunika uso kwa mikono yote miwili.

Alipona, ila kwa shida. Damu iliyokwisha kuchafuka ilimlaza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na kulikuwa na siku ambayo daktari alimwita Mwalimu pembeni akamwambia ajiandae. Kama wangepanda juu siku ile ya kwanza, daktari alimwambia Sista baadaye, huenda yote hayo yasingetokea. Huenda. Hakusema kwa kumshutumu. Alisema kama mtu anayetafuta wa kubeba naye.

Sista Taratibu aliitwa na muuguzi mkuu, akaambiwa kwamba muuguzi hampingi daktari mbele ya mgonjwa na ndugu, hata kama ana hoja. Aliuliza kama alipaswa kumdanganya mgonjwa. Muuguzi mkuu, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, akasema alipaswa kukataa akiwa bado kwenye korido, kabla ya kuchukua trei. Sista aliona kwamba hapo amesema kweli, na iliuma. Alihamishwa wodi, akapelekwa chumba cha kufunga vidonda vya wagonjwa wa nje. Hakukata rufaa. Huko alibaki mpaka alipostaafu, na daktari yule, kila alipopata mgonjwa anayekataa kisu, alishuka ngazi kuja kumwomba apande naye wakamsikilize pamoja.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Mwanawe alimfungia mota badala ya kanyagio, na yeye akailalamikia kwamba inakwenda mbio kama inafukuzwa. Aliishi miaka kadhaa, akamwona mjukuu, akafa kwa ugonjwa wa moyo akiwa amelala mchana.

Mwalimu ndiye aliyeleta habari. Alingoja kwenye benchi la korido mpaka wagonjwa wakaisha, akaingia, akakaa bila kukaribishwa. Alieleza msiba ulivyokuwa. Kisha akasema kwamba amefikiri mara nyingi kuhusu siku ile ya machela, na mpaka leo hajui kama Sista alifanya vizuri. Mama yake alikaribia kufa kwa sababu ya jibu lile. Na ni kweli vilevile kwamba kuanzia siku ile hadi anazikwa, mama yake hakuwahi kujifunika shuka usoni kwa kusikia viatu vya daktari.

Sista Taratibu alisema naye hajui. Alimwekea chai, wakainywa pole pole, na alipoinuka kuondoka, Mwalimu alimpa mkono.